Mgambo wa Kagera na majeraha yasiyo na faili

Mzee mmoja jirani yetu huku Misenyi, wilaya ya mpakani mkoani Kagera, hutoka nje ya nyumba yake kila mvua kubwa inapoanza kupiga bati. Wenzake wakikimbilia ndani, yeye huingia kibanjani, akajifunika turubai katikati ya migomba, akasubiri mpaka ngurumo zipite. Wajukuu wamezaliwa wakaikuta hali hiyo na hawaishangai tena; husema tu kwamba babu hapendi bati. Siku nilipothubutu kumuuliza, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, ukiwa ndani husikii linatokea upande gani." Alikuwa mgambo. Alichukuliwa kijijini mwishoni mwa mwaka 1978, akarejea baada ya Kampala kuanguka, akiwa na kipande cha chuma pajani ambacho hakijatolewa hadi leo, pamoja na tabia hiyo ya mvua.

Swali la watu kama yeye limefika bungeni zaidi ya mara moja, na kwa kawaida hufika kwa sura ile ile: Serikali ina mpango gani wa kuwalipa mgambo walioshiriki Vita vya Kagera? Kwa kuwa swali linaulizwa kwa lugha ya malipo, jibu nalo hutolewa kwa lugha ya malipo, na mjadala hukwama hapo. Pande zote mbili zina hoja za kweli, na nitajitahidi kuzipima kwa haki. Hata hivyo, naona niseme mapema kwamba kile kinachomtoa mzee huyu nje usiku wa mvua ni nadra sana kuwekwa mezani na upande wowote.

Tukumbuke kwanza walikwendaje. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulishika eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunavyo. Uwezo huo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa bado vijijini. Jeshi la Wananchi peke yake halikutosha, kwa hiyo wakaongezwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, askari magereza na makumi ya maelfu ya mgambo, mpaka idadi ya wapiganaji ikapita 100,000 katika muda mfupi sana. Mkulima aliyekuwa amezoea kulenga shabaha uwanjani kwa siku chache za mwaka alijikuta ndani ya lori, akielekea Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera.

Yaliyowapata huko yanaonekana vizuri zaidi Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu wote walikuwa mgambo, wengi wao wasiowahi kupigana, ilishambuliwa na askari wa Uganda na Walibya waliokuwa na roketi za Katyusha. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyao bila kuwagusa. Hata hivyo mlio wake ulikuwa wa kutisha kiasi kwamba safu ikavunjika, watu wakarudi nyuma gizani, na kesho yake ndipo wakapangwa upya na kurudishwa mbele, huku Brigedi ya 208 ikizunguka na kumkata adui kwa nyuma. Lukaya ikatwaliwa, na mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Katika hesabu ya kijeshi, mtu aliyepitiwa na roketi juu ya kichwa bila kuguswa si majeruhi. Jina lake haliandikwi popote, na jambo hili lina uzito kwa yote yatakayofuata.

Upande unaosita kuwapa mgambo stahiki maalumu una hoja ambazo wengi wetu tunaozitetea haki za wazee hawa huzipuuza kwa haraka mno. Hoja ya kwanza ni kwamba ile ilikuwa vita ya wananchi wote. Wapo waliotoa malori yao, waliotoa ng'ombe, na waliolima ili askari wale. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, na kila aliyeishi miaka ile anajua kwamba mikanda haikulegezwa miezi hiyo ilipokwisha. Aidha, wakazi wa kaskazini ya mto waliuawa, wanawake walibakwa, nyumba na mifugo viliporwa, na maelfu ya watu walikimbia. Hawakuwa na bunduki wala kamanda. Mama aliyejificha na watoto porini Minziro, huko huko kaskazini ya mto, anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini kiwewe cha mwenye silaha kitangulie chake. Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, na sijaona mtetezi wa mgambo aliyeijibu barabara.

Hoja ya pili ni ushahidi. Askari wa kudumu ana namba, ana faili na ana pensheni. Mgambo wengi walirudishwa makwao wakiwa na karatasi moja au bila karatasi yoyote, na karatasi iliyokaa juu ya dari ya nyumba ya tope kwa zaidi ya miaka 40 haina mengi ya kusema tena. Ukifungua mlango wa malipo bila orodha ya kuaminika, ataingia kila mwenye umri unaokaribia. Zimbabwe ilitufundisha hili kwa gharama kubwa. Mfuko wake wa fidia kwa wahanga wa vita ulikombwa na madai ya uongo hadi ikaundwa tume ya uchunguzi mwaka 1997, na mmoja wa viongozi wa wapiganaji wa zamani wa vita vya ukombozi vya nchi hiyo, ambaye pia alikuwa daktari, alikutwa amesajiliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 117. Mwaka huo huo, chini ya shinikizo la maandamano, serikali iliahidi kumlipa kila mpiganaji, na walikuwa kama 50,000, dola 50,000 za Zimbabwe pamoja na dola 2,000 kila mwezi, fedha ambazo hazikuwamo kwenye bajeti. Tarehe 14 Novemba sarafu yao iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya siku moja. Anayeitaka Tanzania ilipe kwa mkupuo hana budi kueleza tutaepukaje njia hiyo.

Hoja ya tatu husemwa kwa kifupi na inajibika kwa kifupi. Inadaiwa kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilishatamka kuwa wazee wasiojiweza watibiwe bure, kwa hiyo mgambo ameshahudumiwa kama mzee mwingine yeyote. Kwa presha na malaria, hilo ni kweli kwenye karatasi na mara nyingine hata dirishani. Lakini daktari hutibu alichoulizia, na sijapata kusikia zahanati inayomuuliza mzee kama aliwahi kwenda vitani.

Wanaowatetea mgambo nao husimamia jambo zito. Dola ndiyo iliyowatoa vijana hawa mashambani. Mwananchi aliyekimbia alidhuriwa na adui, na mgambo alipelekwa kwa adui kwa amri ya nchi yake, akaambiwa aue, naye akaua. Tofauti hiyo haimfanyi awe bora kuliko yule mama wa Minziro, lakini inaonyesha nani anawajibika kwa kilichomfika. Kwa kawaida mwajiri humtibu aliyeumia kazini bila kuuliza kwanza kama jirani wa kiwanda naye ni mgonjwa. Kwa maoni yangu hoja hii inasimama, ila inaelekea kwenye matibabu zaidi kuliko inavyoelekea kwenye fedha taslimu, na hapo ndipo watetezi wengi huteleza. Wanataka kifuta jasho. Mzee apewe milioni moja, apigwe picha na mkuu wa wilaya, kisha mvua inyeshe.

Ugumu mkubwa uko kwenye jeraha lenyewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliingiza maradhi ya msongo unaofuata kiwewe katika mwongozo wao rasmi mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Vita vyetu vilikwisha mwezi Juni 1979. Maana yake ni kwamba wakati mgambo wetu wanakabidhi bunduki na kupanda malori ya kurudi, ugonjwa wao ulikuwa haujapata jina la kitabibu hata katika nchi tajiri, seuze katika hospitali zetu za wilaya. Dalili zilikuwapo: kutolala, kushtuka, hasira ya ghafla kwa mke na watoto, pombe, na ukimya wa siku nzima. Kijijini kila dalili ilipata maelezo yake. Huyu amerogwa, yule amepagawa na roho za aliowaua, mwingine ni mlevi tu. Kwa hiyo mtu anapodai leo kwamba lazima kuwe na kumbukumbu ya daktari ya wakati ule, anadai karatasi ambayo isingeweza kuandikwa na mtu yeyote.

Wenyewe nao walikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujambazi wa kutumia silaha na wizi wa mifugo viliongezeka, hususan kanda ya ziwa, na lawama ziliangukia bunduki zilizotoka Uganda na vijana waliokuja nazo. Wapo waliostahili lawama hizo. Lakini kwa yule asiye na hatia, kukiri mbele ya majirani kwamba usiku anaona watu waliokufa, au kwamba mkono unamtetemeka akikasirika, kulikuwa sawa na kujitia mwenyewe kwenye orodha ya washukiwa. Akafunga mdomo, na familia ikajifunza kuishi na mdomo uliofungwa.

Kuna wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba kuyachimbua haya leo ni kuwadhalilisha wazee. Neno Mirembe, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, katika mazungumzo yetu limeshakuwa tusi. Ukimwambia mtu ana tatizo la akili, ni kama umemwambia afungashe aende Dodoma. Mzee aliyeheshimika kijijini kama shujaa atakubalije kuandikwa mgonjwa wa akili? Nakiri kwamba hatari hiyo ipo. Lakini niliyoyaona kwa jirani yangu yananipa mashaka kuwa ukimya huo ni heshima. Mkewe, mama mwenye zaidi ya miaka 70, alinionyesha kitanda chao: upande wa ukutani ni wake, na tangu waoane hajawahi kumwamsha mumewe kwa kumgusa. Humwita kwa jina akiwa amesimama mlangoni. Alifundishwa na mama mkwe wake, wiki ya kwanza ya ndoa. Katika miaka yote hiyo hakuna mtumishi wa afya aliyemweleza kwamba jambo hilo linajulikana na lina matibabu.

Kwa kuzipima hoja hizi, msimamo wangu ni kwamba malipo na matibabu yatenganishwe. Katika malipo ya jumla, nakubaliana na wanaosita: bila orodha ya kuaminika, tutawanufaisha wajanja. Katika matibabu, hoja ya ushahidi hupoteza nguvu, kwa sababu hakuna tapeli atakayepanga foleni ili atolewe chuma pajani au akae saa nzima na mtaalamu akisimulia ndoto mbaya. Hata Marekani, wenye nyaraka za kila kitu, idara yao ya wanajeshi wastaafu ililegeza sharti hili Julai 2010: askari hahitaji tena hati inayothibitisha tukio mahususi lililomtia hofu, mradi maelezo yake yalingane na mahali na mazingira aliyotumikia, na daktari athibitishe ugonjwa. Mgambo aliyekuwa Lukaya asingehitaji kuthibitisha roketi ipi ilipita juu yake. Ingetosha kujulikana kwamba alikuwapo Lukaya.

Na huduma hiyo ikifika Misenyi, sioni sababu ya kumfungia mlango mama wa Minziro. Mtaalamu yule yule, chumba kile kile, swali lile lile. Hapo ndipo hoja iliyonisumbua hupata jibu lake, jibu ambalo malipo ya fedha yasingeweza kulitoa. Sidai kwamba ni rahisi. Wataalamu wa afya ya akili nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Lakini mganga wa zahanati anaweza kufundishwa kuuliza kuhusu usingizi, mishtuko na pombe, na kujua ampeleke nani wapi.

Jambo hili haliwahusu wazee peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa na waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Wanajeshi wa Tanzania 15 walipoteza maisha na makumi walijeruhiwa. Walionusurika ni askari wa kudumu, wana namba na faili, na ugonjwa unaoweza kuwapata una jina. Kinachoweza kuwakwamisha ni kile kile kilichowakwamisha mgambo: kwamba asiyetoka damu hahesabiwi kuwa ameumia, na kwamba askari anayesema halali anaogopa kuonekana hafai.

Kwa mgambo, muda ndio unaobana. Aliyekuwa na miaka 20 Lukaya sasa amepita 65, na wengi walikuwa wakubwa zaidi. Kwa kuwa karatasi hazipo, orodha pekee inayoweza kuaminika ni ile itakayothibitishwa na wenzao waliopanda nao lori moja, mbele ya wazee wa kijiji wanaokumbuka nani aliondoka na nani alirudi. Nilimuuliza jirani yangu walikuwa wangapi. Alinihesabia kwa vidole, polepole, akitaja majina na ukoo wa kila mmoja: saba. Wawili hawakurudi. Watatu wamezikwa hapa hapa kijijini. Aliyebaki pamoja naye anakaa ng'ambo ya bonde, na mara ya mwisho alipokwenda kumwamkia, mwenzake alimkaribisha kwa adabu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.