Bahari inapunguza mwili? Mabishano ya baraza la Shela

Kwenye baraza moja la Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu, hatua chache kutoka gatini, kuna mabishano yasiyokwisha. Nahodha mmoja mstaafu, mtu aliyekulia majini, huingia baharini kila alfajiri, na kitambi chake ndicho hutangulia. Ukimwambia kuogelea kunapunguza mwili atakucheka: "Miaka 40 niko majini, mwanangu. Basi hiki nimekitoa wapi?" Anayembishia ni kijana anayemsemea shangazi yake, mwalimu aliyestaafu. Shangazi alianza kuogelea baada ya magoti kumgomea, na sasa sketi zake mbili zimekwenda kwa fundi kupunguzwa kiuno.

Nahodha hajui, lakini ana shahidi mzito. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Grant Gwinup, alichapisha matokeo ya wanawake wanene kiasi waliofanya mazoezi kila siku kwa miezi 6 bila kuwekewa masharti ya chakula. Waliotembea walipungua kama asilimia 10 ya uzito wao, walioendesha baiskeli asilimia 12. Walioogelea hawakupungua kitu. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, lakini jibu hilo limewakera makocha wa kuogelea hadi leo.

Maelezo yanayotolewa sana ni njaa. Mwaka 2005 watafiti wa Florida waliwapa wanaume 11 baiskeli za kuendesha ndani ya maji kwa dakika 45, siku moja kwenye maji ya nyuzi 20, siku nyingine nyuzi 33, kisha wakawaacha wale wapendavyo. Waliotoka kwenye maji ya baridi walikula asilimia 44 zaidi ya walivyokula baada ya maji ya vuguvugu.

Sasa, Lamu nani anaogelea kwenye nyuzi 20? Maji yetu hata Kusi inapovuma ni nyuzi 24 au 25 hivi, na Kaskazi hufika 29. Tuko katikati ya zile ndoo mbili za Florida. Kweli maji huvuta joto la mwili haraka kuliko hewa, mara 25 hivi, ndiyo maana mtu akikaa saa nzima hutoka midomo inamtetemeka hata huku kwetu. Lakini hoja ya baridi, ikiletwa Shela, naona inafika imechoka.

Njaa yenyewe haihitaji baridi. Mimi niliogelea miezi 3 mfululizo, jioni, siku nne kwa wiki. Natoka majini chumvi imenikauka masikioni, na pale njiani yupo mama wa viazi vya karai. Karai inachemka, viazi vimevaa unga wa manjano, ukwaju uko kwenye kopo. Nasema vitatu tu, nakula sita. Tupige hesabu: mtu wa kilo 80 akiogelea kwa mwendo wa wastani nusu saa huchoma kalori 240 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Vijiko viwili vikinyonywa na ule unga, nusu saa yangu imekwisha, na kiazi chenyewe bado sijakihesabu. Ajabu ni kwamba siku ninazotembea kutoka Shela hadi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kama kilomita 3 ufukweni maji yakipwa, nafika natamani maji ya kunywa tu.

Hata hivyo nahodha ana doa kwenye ushahidi wake, na ni yeye mwenyewe. Sisi husema "nakwenda kuoga baharini", na wengi wetu ndicho tunachofanya. Nimemtazama: hupiga mikono kama ishirini, kisha hulala chali, chumvi inambeba, anaulizana habari na wenye mashua. Maji yakitoka, mkondo wa mlango wa Manda humsukuma naye akadhani ameogelea. Zaidi ya hayo ni fundi, na fundi hutumia nguvu kidogo kwa umbali uleule unaomtoa jasho mwanagenzi. Miaka 40 imemfundisha kutojichosha. Mazoezi ni jambo jingine: kutoka boya hadi boya kwa kasi, kupumzika nusu dakika, kurudia mara nane au kumi, pumzi ikiwa fupi kiasi cha kushindwa kusimulia hadithi.

Hapo ndipo shangazi anapopata nguvu. Huko Perth, Australia, wanawake 116 wa miaka 50 hadi 70 waliokuwa hawafanyi mazoezi waligawanywa, wengine watembee, wengine waogelee, mara 3 kwa wiki, miezi 6 ya kwanza wakisimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: baada ya miezi 12 waogeleaji walikuwa wamepungua kilo 1.1 zaidi ya watembeaji. Kinyume kabisa cha Gwinup. Mimi nauamini zaidi utafiti huu, kwa kuwa ni wa muda mrefu na wa watu wengi zaidi, na umri wao ni wa shangazi. Lakini tuitazame hiyo kilo 1.1 bila kuipamba: mwaka mzima wa kulowa, na tofauti na watembeaji ni uzito wa mfuko wa sukari wa kilo moja na ushei. Anayetangaza kwamba bahari itakumaliza kitambi kabla ya Ramadhani anakudanganya.

Kuhusu magoti sina ubishi. Maji humbeba mtu, na mwenye maumivu ya viungo ambaye kilomita 3 za mchanga zingemlaza siku mbili anaweza kuogelea dakika 40 na kesho akarudi. Zoezi linalorudiwa, hata likiwa dhaifu, linamshinda mtembeaji aliyebaki kitandani. Mwenye magoti mazima anayetaka mizani tu ishuke, mimi ningemwambia atembee mpaka mjini na nauli ya boti aiweke mfukoni.

Nilimtembelea shangazi nimuulize mwenyewe. Huenda kabla ya jua, na jirani yake, wamevaa nguo za kusitiri zinazovuta maji na kumchosha maradufu, jambo ambalo analihesabu kama faida. Sketi ni kweli zimepunguzwa. Lakini aliniambia pia kwamba mahamri ya asubuhi amepunguza kutoka manne hadi moja, na kwamba Kusi ikianza, mawimbi yakichafuka, huacha kabisa mpaka msimu ugeuke. Mwaka jana kwenye miezi hiyo kilo 2 zilirudi. Kijana hakuyasema hayo barazani.