Hiyo "Ka" Itoeni Kwenye Biashara Zenu

Jumamosi nilikuwa harusini, meza ya watu wanane tusiofahamiana. Vinywaji havijafunguliwa, swali likatua: "Na wewe unashughulika na nini?" Nikajibu ninavyojibu miaka yote: "Mimi mhasibu tu, halafu jioni nina kabiashara kadogo ka mabegi."

Jamaa akaniangalia kwa huruma. "Mshahara hautoshi, eh? Pole bwana, maisha magumu."

Pole! Kana kwamba nimefiwa. Nikatafuna kwa hasira, namtukana moyoni, mpaka nilipolirudia jibu langu mwenyewe polepole. "Tu" moja, "ka" tatu. Huyu bwana nimemkabidhi biashara yangu ikiwa nimeshaikata miguu, halafu nanuna kwa sababu hakuiona ikisimama.

(Mwalimu wangu wa Kiswahili angesahihisha: "kibiashara kidogo." Haya, mwalimu. Matusi ni yaleyale.)

Msiniambie ni unyenyekevu. Unyenyekevu naujua, na si huu. "Ka" ni bima. Tunaitanguliza ili biashara ikifa tuweze kusema, "Si niliwaambia ni kakitu tu?" Kwa lugha ya kazi yangu ya mchana, tunatenga fungu la hasara kabla hatujauza hata begi moja. Tazama tunapoipachika: hakuna anayesema ana kaajira. Ajira hata ikuchoshe vipi inatajwa kwa jina kamili, pamoja na cheo na idara. Kile ulichokianzisha mwenyewe kwa akiba yako, kile kinachokulaza saa saba usiku, ndicho unachokiita kakitu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe unamtambulisha kwa wageni kama mpita njia!

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni kuanzia 1926 hadi 1944. Leo tungemkalisha meza ile, angetakiwa aseme, "Mimi karani tu, nina kamchezo ka mashairi pembeni." Na Einstein, mwaka 1905, mchana akikagua maombi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) mjini Bern, huku akichapisha makala nne zilizoitikisa fizikia? Bila shaka jamaa yangu angempa pole naye.

Sisemi mabegi yangu ni fizikia. Nasema yaitwe mabegi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaokosea upande wa pili. Yupo mmoja ambaye kampuni nzima ni yeye na simu yake, lakini ukimwamkia tu anajibu "Mkurugenzi Mtendaji". Yupo anayegeuza kila salamu kuwa tangazo, hata msibani. Hao siwatetei. Na kama mkataba wako wa ajira unakataza kazi nyingine bila idhini, omba hiyo idhini kwa maandishi. Mimi niliomba, nikapewa, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kunong'ona.

Hilo neno "mjasiriamali" nalo silipendi. Ni kweli linakupandisha hadhi, lakini halimwambii mtu chochote. Mtu akikwambia ni mjasiriamali, utamuuliza nini? Utaitikia "Oo, vizuri" na mazungumzo yamekufa hapo. Lakini mwambie unashona mabegi ya kompyuta kwa turubai nene, na kwamba sindano lazima iwe namba 16 kwa sababu namba 11 inakatika ukifika kwenye pindo lililokunjwa mara nne. Sasa ana pa kukushika. Atauliza turubai unalipata wapi, au atakusimulia cherehani ya bibi yake.

Tukiwa bado mezani, dada aliyekaa mbele yangu alikuwa anahangaika na mkoba. Akivuta zipu, meno yanafunguka nyuma ya kichwa. Anarudisha, anavuta, yanafunguka tena. Nikamwambia, "Dada, zipu yako nzima. Kichwa ndicho kimepanuka." Natembea na kaplaizi kwenye funguo (samahani, plaizi). Nikakibana kichwa kidogo upande huu, kidogo upande ule, taratibu, maana ukizidisha kinapasuka. Akavuta. Meno yakashikana mpaka mwisho.

Jamaa wa pole alikuwa ameacha kula. "Kumbe wewe ni fundi?"

"Nashona mabegi ya turubai," nikasema. "Mchana ni mhasibu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akainama chini ya meza, akatoa begi lake la kompyuta na kunionyesha mkanda uliochomoka upande mmoja.

"Na hapa," akauliza, "panashoneka?"