Je, Anayefuga Nywele Apunguze Ncha Kila Baada ya Miezi Miwili?

Katika saluni nyingi za wanawake za Mjini Unguja, mteja anayefuga nywele hushauriwa apunguze ncha kila baada ya wiki nane, awe ameona ncha zilizopasuka au hakuziona. Akirudi nyumbani, bibi yake humwambia kwamba nywele zinazotakiwa kurefuka haziguswi na mkasi. Hupakwa mafuta ya nazi, husukwa na kufunikwa. Anayeumia kati ya kauli hizi mbili ni msichana aliyevumilia mwaka mzima, kisha akakuta nywele zake zingali palepale mabegani. Naona bibi amekosea kuhusu ncha na saluni imekosea kuhusu kalenda, na kosa hili la pili ndilo lenye gharama kubwa zaidi, kwa sababu sentimita iliyokatwa hairudi ila kwa kusubiri.

Dai la kwanza la kupimwa ni kwamba kukata ncha huzifanya nywele zikue upesi. Dai hili halina msingi. Unywele huota kutoka katika kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi ya kichwa, na sehemu inayoonekana nje ni keratini, yaani protini ngumu, isiyo na uhai, isiyo na damu wala mshipa wa fahamu, ndiyo maana kuikata hakuumi. Kinachofanyika kwenye ncha iliyofika mgongoni hakikifikii kifuko hicho kwa njia yoyote. Kasi ya kukua hutokana na urithi, umri, lishe na afya ya mwili. Nadhani imani hii imepata nguvu kwetu kutokana na akika, kwani mtoto hunyolewa siku ya saba, zinazoota baadaye zikaonekana nzito na nyeusi zaidi, na watu wakasema wembe umeziamsha. Lakini nywele laini za mtoto mchanga hupukutika zenyewe na kufuatwa na nyingine zilizokomaa zaidi, hata asiponyolewa. Tena unywele uliokatwa huwa na ncha butu ambayo kiganja huihisi kuwa nene. Sina neno na sunna hiyo. Ninachokataa ni kuifanya ushahidi wa ratiba ya saluni.

Watetezi wa mkasi wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inahusu kupasuka. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana kuelekea nchani. Kadiri siku zinavyopita, magamba hayo husuguliwa na chanuo, hulegezwa na sabuni na huunguzwa na pasi ya nywele, mpaka nyuzi za ndani hubaki wazi na kuachana kama ncha ya kamba ya usumba isiyofungwa. Ikiwa nywele hukua sentimita 1 kwa mwezi, ncha iliyo umbali wa sentimita 36 kutoka ngozini ina umri wa miaka mitatu. Imepitia Ramadhani tatu, harusi zote za jamaa zilizoanguka humo na kila mara mwenyewe alipooga bahari bila ya kuifunika. Si ajabu ikachoka. Ikishapasuka, hakuna mafuta wala krimu inayoiunganisha. Bidhaa zenye silikoni huzigandisha zile nyuzi kwa muda, na kuosha kunakofuata huziachanisha tena. Wakati huohuo ncha hiyo hunasa nywele jirani, mafundo hufungika, na chanuo likilazimishwa kupita hapo huondoka na hata nywele ambazo zilikuwa nzima.

Bibi anaposema mkasi usiguse kamwe, hili ndilo analoliacha nje. Upande wa pili nao hutia chumvi unapodai kwamba mpasuko usipokatwa utapanda mpaka kwenye mzizi. Mpasuko hupanda kweli, lakini kwa kawaida ule uzi uliogawanyika huwa mwembamba kiasi cha kukatika kabla ya kufika mbali. Hasara yake hasa ni nywele zisizolingana, zilizo chache chini kuliko juu, ambazo hufupika kidogo kidogo bila ya mwenyewe kujua ni lini.

Kwa hiyo suala zima ni la hesabu, na hesabu hii ndiyo ambayo pande zote mbili huiruka. Urefu anaobaki nao mtu mwisho wa mwaka ni ule uliokua, ukatolewa uliokatwa na mkasi, ukatolewa tena uliokatika wenyewe. Nywele za singa hukua kiasi cha milimita 10 hadi 12 kwa mwezi, na za kipilipili hukua polepole zaidi, karibu milimita 8, jambo linalomaanisha sentimita 12 hadi 14 kwa mwaka kwa za kwanza na chini kidogo ya 10 kwa za pili. Mteja anayefuata ratiba ya wiki nane hukatwa mara sita kwa mwaka. Msusi akiondoa sentimita 2 kila mara, jumla ni 12, na hapo mwenye nywele za singa hubakiwa na sentimita mbili akibahatika, ilhali mwenye kipilipili humaliza mwaka akiwa na nywele fupi kuliko alizoanza nazo. Na sentimita 2 si nyingi machoni pa msusi, ambaye anatazama mstari unyooke, wala hatazami mwaka wa mteja. Akiondoa nusu sentimita katika ziara hizo hizo sita, jumla ni 3 tu, na yule yule mwenye kipilipili hubakiwa na zaidi ya sentimita 6. Tofauti yote hiyo imo katika kipimo, na kwa mteja mwingi kipimo hicho hakitajwi kabla ya mkasi kufunguliwa.

Upande wa kukatika wenyewe, visiwani kwetu kuna mambo yanayostahili kutazamwa kuliko tunavyoyatazama. La kwanza ni nywele mbichi chini ya mtandio. Mwanamke huoga, huzifunga fundo kisogoni zikiwa na maji, huvaa ushungi na kutoka, na kwa unyevu wa masika nywele hizo hazikauki mpaka Alasiri. Unywele ulioloa hunyumbuka na kudhoofika, na fundo likikazwa mahali pale pale kila siku, pale pale ndipo zinapokatika. Sikusudii kulaumu sitara, kwa kuwa ushungi huo huo huzikinga nywele na jua kali. Nasema zikauke kwanza, na fundo libadilishwe mahali. La pili ni kitambaa, kwa sababu pamba kavu husugua na kunyonya mafuta, wakati kitambaa laini cha ndani kinachoteleza huziacha zitulie. La tatu ni pasi ya nywele, ambayo msimu wa harusi unapopamba moto hupitishwa kila wiki. Wanawake wanaolima mwani huko Paje na Jambiani wana mzigo wao pia, wa jua na maji ya chumvi kwa saa nyingi za bamvua, na kwao kuziosha kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kazi na kuzipaka mafuta kunaweza kuokoa urefu mwingi kuliko ratiba yoyote ya mkasi.

Katika mafuta bibi anastahili haki yake. Utafiti wa Aarti Rele na R. B. Mohile wa India, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiwango kikubwa upotevu wa protini ya nywele, iwe yamepakwa kabla ya kuosha au baada yake. Asidi yake kuu ya mafuta hupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Kwa hiyo kuyapaka kabla ya kuosha ni kinga ya kweli. Ila kinga hiyo huzihifadhi ncha zilizo nzima. Haizitibu zilizokwisha kupasuka, na hapo ndipo kauli ya bibi inapofika mwisho wake.

Baadhi ya watu huileta dini katika mjadala huu, wakitaja kwamba mwanamke anapomaliza ibada za hija au umra hupunguza nywele zake kiasi cha ncha ya kidole. Hiyo ni ibada yenye mahali pake na wakati wake. Inaonyesha kwamba mkasi si mwiko kwa nywele za mwanamke, lakini haisemi lolote kuhusu miezi miwili.

Ninachopendekeza ni kuzitazama ncha zenyewe. Chukua kishada kidogo, kisokote polepole mbele ya kitambaa cheupe chini ya mwanga wa dirisha, na ncha zilizopasuka zitachomoza pembeni. Zikiwa chache, zikatwe moja moja, juu kidogo ya mpasuko, na urefu wa jumla hautaguswa. Kazi hii huchosha, na kwa nywele za kipilipili ni ngumu zaidi, lakini dada au binti mwenye macho mazuri huimaliza kwa jioni chache. Zikiwa zimeenea kichwa kizima, au chanuo linanasa chini kila linapopita, basi huo ndio wakati wa kwenda saluni, iwe umepita mwezi wa tatu au wa tisa tangu mara ya mwisho. Huko kipimo kitajwe kwa kidole juu ya nywele zenyewe, kabla ya kuketi, na mkasi uwe wa nywele na wenye makali, kwa sababu ule wa kukatia vitambaa ukiwa butu huziponda ncha na kuanzisha mipasuko mipya.

Kuna watu ambao shauri hili haliwafai. Mwenye kuacha dawa ya kunyoosha nywele ana aina mbili za nywele katika kichwa kimoja, na mahali zinapokutana ni dhaifu. Yeye hana budi kukata zaidi na mara nyingi zaidi mpaka zile za dawa ziishe. Ambaye nywele zake zinadondoka zikiwa na kitone cheupe upande mmoja, hizo zimetoka kwenye mzizi, na mkasi hauhusiki; kama alijifungua miezi michache iliyopita, mara nyingi hali hiyo hutulia yenyewe, na isipotulia aende hospitali. Anayepungukiwa kwenye paji kwa sababu ya misuko inayokazwa anahitaji msusi mwenye mkono mwepesi.

Kwa bibi harusi mtarajiwa mwenye miezi sita mbele yake, ningemshauri yeye na somo wake, yaani kungwi anayemfunda, wapunguze mara moja mwanzoni, kiasi cha kuondoa zilizoharibika tu, waweke pasi kando kwa muda wote huo, kisha wazitazame tena ncha wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Zikiwa salama, ziachwe kama zilivyo.