Kabla ya Kumlaumu Shetani, Uliza Shehena

Kuna watu hutaja Pembetatu ya Bermuda, lile eneo la Atlantiki linalosemwa humeza meli na ndege, kwa kunong'ona, kana kwamba wakipaza sauti nao watatoweka. Mimi huwa na swali moja tu: hiyo meli ilikuwa imebeba nini?

Chukua USS Cyclops, meli ya jeshi la majini la Marekani iliyopotea Machi 1918 na watu 306 ikitoka Brazil kwenda Baltimore. Wasimulizi hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba ilijengwa kubeba makaa ya mawe, na safari ile ilisheheni manganizi, madini mazito mno kuliko makaa, huku injini yake moja ikiwa mbovu. Mwaka 1941, Proteus na Nereus, meli mbili za muundo uleule, nazo zikapotea Atlantiki na shehena nzito za madini. Ndugu watatu, maradhi yaleyale. Mabaki ya Cyclops hayajaonekana hadi leo, kwa hiyo hakuna wa kuapa. Lakini mimi nitamshuku aliyeipakia kabla sijamshuku shetani.

Hilo ndilo linaloniudhi katika hadithi hizi. Zinawaondolea watu lawama. Pakia kupita kiasi, peleka chombo kibovu baharini, na vizazi vijavyo vitasema ni majini.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha 5 Desemba 1945: ndege tano za mafunzo za Avenger, watu 14, ziliruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, na hazikurudi. Kiongozi wao, Charles Taylor, alisema redioni kwamba dira zake zimeharibika, na aliamini yuko juu ya visiwa vya Florida Keys. Ukiwa mahali pengine ukadhani uko pale, kila kona unayokata inakupoteza zaidi. Giza likaingia, bahari ikachafuka, mafuta yakaisha. Ndege ya Mariner iliyokwenda kuwatafuta ikapotea na watu 13, na meli iliyokuwa jirani iliona moto angani. Jina la "Pembetatu ya Bermuda" alilianzisha Vincent Gaddis kwenye jarida la Argosy mwaka 1964. Yaani watu wale walikufa zaidi ya miaka 18 kabla pembetatu haijazaliwa!

Sasa tazama ndege ya Air France namba 447, iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na watu 228. Karibu miaka miwili chanzo kilibaki kitendawili. Mwaka 2011 visanduku vyeusi, yaani vinasa kumbukumbu za safari, vikaopolewa kwenye kina cha karibu mita 3,900, navyo vikasema: barafu iliziba mirija ya kupimia mwendo, mfumo wa kujiendesha ukajizima, marubani wakachanganyikiwa na kuinua pua ya ndege hadi mabawa yakashindwa kuibeba. Kama pesa za kutafuta zingekatwa mapema, leo tungekuwa na pembetatu nyingine.

MH370, ndege ya Malaysia Airlines, visanduku vyake bado havijapatikana. Ilipotea 8 Machi 2014 na watu 239, na msako wa kilomita za mraba 120,000 chini ya Bahari ya Hindi ukasimamishwa Januari 2017. Ila mikondo ilileta vipande: cha kwanza kiliokotwa kisiwani Réunion mwaka 2015, na mwaka uliofuata kipande kingine cha bawa kikaokotwa Pemba na kuthibitishwa kuwa chake. Wanaodai ndege hiyo imefichwa kwenye kambi ya siri wanieleze kwanza bawa lilifikaje Pemba.