Taa ya Chombo ni ya Kuonekana

Usiku wa giza, msimu wa dagaa, taa za wavuvi hujipanga baharini kama mji. Aliye nchi kavu hudhani wenye taa kali namna ile wako salama. Aliyekaa chini ya karabai haoni kitu nje ya duara la mwanga wake. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi moja ikimulikwa usoni, au kioo cha simu, huyarudisha mwanzo. Kwa hiyo kazi ikiisha na safari ikaanza, taa ya kuvulia izimwe. Wa kutazama dira atumie mwanga mwekundu. Kipande cha plastiki nyekundu kilichofungwa kwa mpira kwenye tochi kinatosha.

Taa za safari ni nyingine kabisa, na kazi yake ni wewe kuonekana. Chombo cha injini huwasha nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe tezini, yaani nyuma, na nyeupe ya juu inayotazama mbele. Kikiwa chini ya mita 7, na mwendo wake hauzidi kilomita 13 kwa saa, kanuni za kimataifa zinakiruhusu taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Ngalawa ya tanga ya chini ya mita 7, isipoweza kubeba taa zake za safari, iwe na tochi tayari ya kuwashwa mapema. Ruhusa hii ya mwisho ndiyo inayoponza watu. Tochi "tayari" mara nyingi iko chini ya nyavu, betri imelowa. Ifungwe kwa kamba karibu na mkono wa mshika usukani, na betri za akiba ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Meli ikikaribia, mulika tanga lako. Kitambaa cheupe kilichomulikwa huonekana mbali kuliko tochi inayochezacheza gizani.

Usitegemee rada ya meli. Mbao hurudisha mwangwi hafifu, na mbele ya omo, yaani ncha ya mbele, ya meli kubwa kuna eneo ambalo aliye kwenye usukani halioni, hata kufikia mita 500. Meli ya kilomita 30 kwa saa humaliza kilomita moja kwa dakika mbili. Jifunze kuisoma: ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, inakujia moja kwa moja. Ukiona moja tu, ilinganishe na mlingoti wako huku ukishika mwelekeo ule ule. Ikiwa dakika zinapita na taa haijasogea kushoto wala kulia, mtagongana. Geuza mapema, na geuza kwa pembe kubwa ili naye aone umegeuka.

Wenye boti za faiba wana kosa lao: mwendo. Kwa kilomita 36 kwa saa unakata mita 10 kila sekunde. Ngalawa isiyo na taa ukiiona mita 40 mbele, una sekunde 4.

Ajali ikitokea tunauliza serikali ilikuwa wapi. Kwa MV Spice Islander I, meli ya abiria ya Zanzibar iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imezidisha abiria, swali hilo ni halali kabisa. Lakini mashua ya watu sita inayotoka saa nane usiku haina mkaguzi ufukweni. Mkaguzi ni nahodha. Ndiye wa kugawa mafuta mafungu matatu, kwenda, kurudi na akiba. Ndiye wa kumwachia mtu wa nyumbani idadi ya waliomo, dago (kambi ya wavuvi) wanaloelekea, na saa ambayo wasiporudi aombe msaada.

Na ndiye wa kukataa kung'oa nanga hadi kila mtu awe amevaa jaketi okozi. Kulikalia ni sawa na kuliacha nyumbani. Lifungwe filimbi na utepe unaong'aa ukimulikwa, maana kichwa cha mtu majini usiku hakizidi nazi inayoelea. Anayeendesha injini avae mkononi kamba ya kuizimia, ili akidondoka boti isiende bila yeye. Mtu akianguka, mmoja amnyooshee kidole na tochi bila kumwondolea macho hata kidogo, wengine watupe chochote kinachoelea. Nahodha amkaribie taratibu, na injini izimwe kabla hajafika ubavuni.