Sour ya Olivia Rodrigo: Orodha ya Watunzi Haipimi Albamu

Albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Marekani Olivia Rodrigo, Sour, ilitoka Mei 21, 2021, mwenyewe akiwa na miaka 18. Kabla mwaka haujaisha, orodha ya watunzi wake ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Julai waliongezwa Taylor Swift, Jack Antonoff na Annie Clark (St. Vincent) kwenye "deja vu". Agosti wakafuata Hayley Williams na Josh Farro, watunzi wa "Misery Business" ya bendi ya Paramore, kwenye "good 4 u". Tangu hapo wako wanaoianza na kuimaliza albamu nzima hapohapo: binti kachukua vya watu.

Hoja yao ina uzito. Anayeijua "Misery Business" ya Paramore, ya mwaka 2007, akifika kwenye kiitikio cha "good 4 u" hahitaji kuambiwa. Tena kwenye "1 step forward, 3 steps back" Swift na Antonoff walitajwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wimbo umejengwa juu ya piano ya "New Year's Day" ya Swift. Utaratibu ulijulikana, basi. Kwa nini nyimbo nyingine zisubiri hadi watu mitandaoni wazichanganye na zile za zamani ndipo majina yaongezwe?

Lakini majina yale yaliingia kwa makubaliano. Hakuna mahakama iliyosema Rodrigo ameiba. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hulinda lahani na maneno. Mfuatano wa kodi (chords) za gitaa uliozoeleka, kasi, hasira ya sauti, hivyo kwa kawaida ni vya wote. Mpaka huo ulitikiswa mwaka 2015, pale warithi wa Marvin Gaye walipopewa zaidi ya dola milioni 7 katika kesi ya "Blurred Lines", wimbo wa Robin Thicke na Pharrell Williams (kiasi hicho kilipunguzwa baadaye), na wanamuziki wengi wakalalamika kwamba kilichofanana ni mdundo na hali tu. Mwaka 2020 mahakama ziliwapa ushindi Led Zeppelin na Katy Perry walioshtakiwa kwa kunakili nyimbo, ila hofu ilikuwa imeshaingia kwenye kampuni za muziki. Kesi hula miaka na ada za mawakili, hata kwa anayeshinda. Kumega fungu la mirabaha ni rahisi zaidi.

Na fungu lenyewe si dogo. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na jina jipya hukata upande wa utunzi. "deja vu" ilikuwa na watunzi wawili, Rodrigo na produsa wake Dan Nigro. Sasa ina watano. Tuseme nusu ya utunzi imekwenda kwa watatu walioingia: wawili wa mwanzo wanabaki na robo kila mmoja, na si kwa mwaka huu tu, ni kila wimbo unapopigwa redioni au kuwekwa kwenye filamu, miaka yote hakimiliki itakapodumu. Chanzo cha mjadala huo ni nini? Rodrigo mwenyewe alisema hadharani kwamba anaipenda "Cruel Summer", iliyotungwa na Swift, Antonoff na Clark, na zile sauti zake za kupiga kelele kwa pamoja. Aliisifu kwa moyo mweupe, sifa ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha, maana kijana anayefuata atashauriwa asiwataje waliomfundisha.

Elvis Costello, mwanamuziki mkongwe wa Uingereza, alilielewa hili. Watu walipomwambia kwamba gitaa la "brutal", wimbo wa kwanza wa Sour, limetoka kwenye "Pump It Up" yake, alijibu kwamba hana tatizo nalo, akakumbusha kuwa naye alichukua kwa Bob Dylan, na Dylan kwa Chuck Berry.

Sasa sikiliza kilicho cha Rodrigo mwenyewe. "drivers license" inaanza na mlio wa gari, na mlio huo unageuka kuwa noti ya piano inayorudiwarudiwa. Baada ya kiitikio cha pili sauti zinapandishwa moja juu ya nyingine, makofi yanaingia, na maneno yanakuwa orodha ya vitu vya barabarani: taa nyekundu, alama za kusimama, magari meupe. Kisha kila kitu kinashuka, na kiitikio cha mwisho kinaimbwa kwa upole, pale ambapo produsa mwoga angeongeza ngoma.

Kosa la albamu liko kwingine, kwenye mpangilio. Wimbo wa 7, "enough for you", na wa 8, "happier", zote za taratibu, zinafuatana zikiwa na kilio kilekile cha kuachwa, na mwendo uliojengwa na "good 4 u" unazama. "jealousy, jealousy", yenye besi nzito na isiyomhusu mpenzi aliyeondoka, imewekwa ya 9. Ingekaa katikati ya hizo mbili, nusu ya pili isingelegea hivyo.