Bwana Hasi wa Paje

Kwa kuwa rafiki yangu aliyenishikia waya wa projekta amekwisha kutangaza katika baraza ya kahawa kwamba nimewafilisi akina mama wa mwani wa Paje, naona ni heri niisimulie aibu yangu mwenyewe kabla haijafika Nungwi na mkia juu.

Programu ya kuvunja kikoba chao, yaani kuwagawia akiba waliyoweka, niliiandika kwa C, lugha ya kuandikia programu, katika kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux, na fedha zote nilizihesabu kwa senti ili nisimdhulumu mtu hata thumni. Msinicheke bado. Siku ya mgao kompyuta yangu ilikataa kuwaka, nikaazima moja ya skuli yenye Windows, nikaipitisha programu upya kwenye kompaila, ile inayotafsiri programu iwe lugha ya mashine, nayo haikulalamika hata kidogo.

Kila jina liliposomwa, mweka hazina alitia alama katika daftari lake na jumla ikapanda ukutani, hadi ikafika shilingi 21,450,000. Washika funguo watatu wakatabasamu. Akasomwa bibi mmoja mwenye 30,000, nikabonyeza kitufe kwa madaha ya mpiga kinanda wa taarabu, na ukutani ikatokea alama ya kutoa, kisha 21,469,672. Ukumbi mzima ukanyamaza, ikabaki sauti ya feni. Nikavua kofia, nikaipangusa lenzi ya projekta. Ndiyo, jamaa zangu, niliipangusa, kana kwamba deni la milioni 21 ni vumbi. Yule bibi akainuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, mimi nimetia elfu thalathini, hili deni limetoka wapi?"

Wenye fani mmekwisha kujua. Namba ya aina ya long, niliyowekea jumla yangu, ina biti (tarakimu za 0 na 1) 64 katika Linux yangu, lakini katika Windows ina biti 32 tu, hata mashine ikiwa ya biti 64. Na kanuni ya C haikuvunjwa, kwani inadai tu zisipungue 32. Kikomo chake ni 2,147,483,647, na kwa senti zangu hizo za uadilifu ni shilingi milioni 21 na laki nne na ushei; jumla ilipokipita, ikageukia upande wa hasi. Ningetumia int64_t, aina ya namba yenye biti 64 kila mahali, iliyoingia katika C tangu 1999, ningerudi nyumbani na heshima yangu.

Mgao ukamalizwa kwa daftari la mweka hazina, ukatoka sawasawa. Jana muuza urojo ameniuliza kama chenji anipe yeye au nimpe mimi.